Shajara ya mradi: ngome nne zilizokatwa ubavu

6 Februari. Skeli na manunuzi

Modeli ni nne, za kufundishia wanafunzi, na kila moja inakatwa ubavuni ili anayeitazama aone ndani. Uamuzi huu ndio unaobeba mradi mzima. Ukuta wa nje adui aliuona tangu mbali, akaupimia ngazi na mizinga. Vilivyomshinda ni vile ambavyo hakuviona: kona za njia, shimo nyuma ya mlango, kifusi kilichoshindiliwa ndani ya mnara, mabirika yaliyochimbwa kwenye mwamba. Modeli iliyofungwa, hata ikipakwa rangi nzuri namna gani, inamwonyesha mwanafunzi kile kile alichokiona aliyeshindwa.

Mnara wa Nizwa, Oman, unatengenezwa kwa skeli ya 1:100. Upande wa kusini wa Krak des Chevaliers, Syria, nao ni 1:100. Masada, juu ya Bahari ya Chumvi, ni mlima mzima, kwa hiyo 1:1000. Jaisalmer ya Rajasthan, India, haina skeli. Hiyo ni trei ya kujaribia maji. Pembeni kutakuwa na kipande cha ukuta chenye mashubaka mawili, yaani matundu ya kurushia mishale, kwa 1:10.

Kariakoo tumechukua plaiwudi ya mm 4 shiti mbili, hadibodi ya mm 3 shiti moja, jasi mfuko mmoja, gundi nyeupe ya mbao lita 4, bandeji za pamba roli 10, msasa namba 80, 120 na 220, na mabamba 14 ya povu jeupe yenye unene wa sm 5. Yote yako karakana ya Keko, juu ya mbao, si sakafuni. Sakafu ya saruji inavuta unyevu usiku, na mfuko wa jasi ukilala hapo wiki moja unaanza kufanya madonge.

11 Februari. Mifupa ya mnara wa Nizwa

Mnara halisi una kipenyo cha mita 36 na kimo cha mita 30, kwa hiyo modeli ni sm 36 kwa sm 30. Aliyeujenga ni Imam Sultan bin Saif al-Ya'rubi, karne ya 17, na kazi ilichukua miaka 12 hivi. Ukoo huo si mgeni pwani hii: mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyekuwa Imam Waomani walipoitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa baada ya hapo. Mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kupita Forodhani ameshaona ndugu mdogo wa Nizwa.

Mifupa ni duara sita za plaiwudi, moja kila sm 6, zikishikwa na papi nane za wima. Duara za kwanza zilikatwa na kipenyo cha sm 36 kamili, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Juu ya mifupa inakuja hadibodi ya mm 3, na juu yake jasi ya mm 2. Hiyo ni mm 5 kila upande, na kipenyo cha mwisho kikawa sm 37. Kwa macho hakuna anayegundua. Lakini mnara wa Nizwa una matundu 24 ya mizinga kuzunguka juu, na utepe wa karatasi wa kuyawekea alama ulikuwa umeshachorwa kwa mzingo wa sm 113.1, tundu moja kila sm 4.71. Mzingo wa sm 37 ni sm 116.2. Utepe ulipozungushwa ukabakiza uwazi wa sm 3.1 kati ya ncha zake mbili.

Duara zimekatwa upya kwa kipenyo cha sm 35. Anayetaka kurudia kazi hii aanze na kipimo cha nje, atoe unene wa kila tabaka mara mbili, ndipo ashike msumeno.

19 Februari. Ngozi ya mnara na kifusi

Hadibodi haikubali kukunjwa ikiwa kavu, inapasuka upande wa nje. Upande wa nyuma wenye mkwaruzo unalowanishwa kwa sponji jioni, shiti inalazwa chini ya nailoni usiku kucha, asubuhi inazungushwa kwenye mifupa huku upande laini ukiwa nje. Inabanwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi, mizunguko sita, gundi chini yake, na haiguswi kwa siku mbili.

Jasi tunaipima kwa mizani: sehemu 10 za jasi kwa sehemu 6 na nusu za maji. Jasi ndiyo inayomwagiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya jasi unapata donge lenye unga mkavu katikati. Iache inywe maji dakika moja, ikoroge polepole bila kuipiga, maana ukiipiga inaingiza hewa na vitundu vinatokea ukutani. Ukishakoroga una dakika nane hivi za kupaka. Ikianza kuganda, itupe. Kuiongezea maji ili ilainike tena kunatoa lipu inayobomoka kwa kucha.

Robo ya mnara imeachwa wazi, na hapo panaonekana jambo kubwa kuliko yote ya Nizwa. Mnara huu si nyumba ya duara yenye vyumba kutoka chini hadi juu. Karibu nusu yake ya chini imejazwa mawe, udongo na chokaa, ikashindiliwa. Juu ya kifusi ni jukwaa la wazi, na kulizunguka ni ukuta mwingine wenye ngazi za kupandia hadi njia ya wapiga bunduki. Tufe la mzinga likipiga chini, hata likitoboa ganda la mawe, linakuta udongo wa kina cha mita nyingi ambao unalimeza. Umbo la duara nalo linasaidia: hakuna pembe ya kuvunja, na tufe lisilopiga katikati kabisa linateleza. Mizinga ya juu inaposhtuka kwa kurudi nyuma, uzito wote unatua kwenye kifusi, si kwenye boriti za dari. Na matundu 24 yaliyogawanywa sawa maana yake ni moja kila digrii 15, hakuna upande uliofichika.

Kifusi cha modeli ni kokoto zilizochekechwa kwa chujio la chai, zikachanganywa na udongo mwekundu na gundi iliyoongezwa maji. Tabaka la kwanza lilipasuka kwa sababu lilimiminwa nene, sm 4 kwa mara moja. Matabaka ya sm 1, kila moja likikauka siku nzima, hayajapasuka hata moja.

2 Machi. Njia ya kupandia

Wiki nzima imeliwa na njia hii, na imestahili.

Kufika jukwaani Nizwa kuna ngazi moja nyembamba inayopinda na kupinda tena, na njiani kuna milango mizito ya mbao iliyopigiwa misumari ya chuma. Nyuma ya mlango, sakafu ina shimo. Wakati wa amani shimo linafunikwa kwa mbao na watu wanapita. Wakati wa vita mbao zinaondolewa, na anayevunja mlango kwa kasi anatumbukia. Juu ya mlango kuna tundu la kumwagia. Linamwaga mafuta ya moto au asali ya tende iliyochemshwa. Adui akiwasha moto mlangoni, tundu lile lile linamwaga maji ya kuuzima.

Kuhusu asali ya tende, watu huiona kama hadithi ya kunogesha. Ukweli ni kwamba ilikuwa pale pale ngomeni. Ngome za Oman zina chumba cha tende chenye sakafu ya mifereji iliyoinama kidogo: magunia yanapangwa moja juu ya jingine, uzito wake unakamua asali, inatiririka kwenye mifereji hadi mtungini. Ni chakula cha akiba kisichooza. Na ikichemshwa inakuwa silaha kali kuliko maji ya moto, kwa sababu maji yanateleza na kupoa, asali inaganda mwilini na joto lake.

Kona zenyewe tumezijaribu kwa njiti. Njia ya modeli ina upana wa mm 12, yaani mita 1.2. Gogo la kubomolea mlango la mita 6 ni njiti ya sm 6. Inaingia vizuri, inafika kwenye kona, inakwama. Haipiti hata uipinde namna gani. Kwa kona ya mraba na njia ya upana huo, gogo lililobebwa mlalo haliwezi kuzidi mita 3.4, na hapo tumelihesabu jembamba kama uzi. Gogo la mita tatu linabebwa na watu wachache, na hawana nafasi ya kukimbia nalo kabla ya kugonga. Mlango unaweza kuwa wa kawaida kabisa; kona ndiyo inayoulinda. Njiti hizi mbili, ya sm 6 na ya sm 3, zitafungwa kwa uzi kando ya modeli ili kila mtoto ajaribu kwa mkono wake.

Kilichotusumbua ni ngazi. Kwa 1:100 kidato cha sm 20 ni mm 2. Kisu kinararua plaiwudi kikikata nyuzi za mbao. Tumetumia kadi ngumu za mm 1, mbili mbili, zikabandikwa kama mafungu ya karata. Mashimo yamekatwa kabla ya kuta kusimama. Ukisubiri baadaye mkono hauingii.

9 Machi. Shubaka kwa 1:10

Kiswahili kimelipokea shubaka pamoja na buruji (mnara wa ngome), handaki na birika, yote kutoka Kiarabu. Gereza nalo lilikuja kutoka Kireno, igreja, yaani kanisa. Maneno yamekaa, na ni vizuri kuyatumia kwenye vibandiko badala ya kuzungukazunguka.

Ukuta wa jaribio una kina cha sm 12, sawa na mita 1.2. Una mashubaka mawili. La kwanza limenyooka, upana wa sm 1 ndani na nje. La pili ni sm 1 nje lakini linapanuka hadi sm 8 ndani. Nyuzi zimevutwa kutoka kwenye kingo za ndani, zikapita kwenye kingo za nje za upande wa pili, hadi mita 3 mbele ya ukuta, ambazo ni mita 30 za kweli. Nyuzi za shubaka lililonyooka ziliachana kwa sm 51. Za lililopanuka ziliachana kwa mita 2.26. Tundu analoliona adui ni lile lile. Aliye nyuma ya la kwanza anafunika kipande cha mita 5 tu, aliye nyuma ya la pili anafunika mita 22 na zaidi.

Kipande hiki kina kazi nyingine pia. Qasr Kharana, jangwani Jordan, ni jengo la mraba la mita 35 hivi kila upande, lina minara pembeni na nyufa nyembamba ukutani. Kila anayelitazama husema ngome. Lakini nyufa zake ziko juu mno kutoka sakafuni na ni nyembamba mno kwa mpiga mishale; ni za hewa na mwanga. Kwetu Husuni Kubwa ya Kilwa imebeba jina la ngome ilhali ilikuwa kasri. Mwanafunzi aliyevuta nyuzi kwa mkono wake hadanganywi na jina wala na mnara: atauliza mpiga mishale angesimama wapi.

15 Machi. Krak

Mabamba sita ya povu, yamekatwa kwa waya wa hita uliounganishwa na betri ya volti 12. Waya ukivutwa haraka unapinda katikati na mteremko unatoka na tumbo.

Mteremko huo ndio tunaouonyesha. Krak imekaa juu ya kilima ambacho pande nyingine zinashuka kwa ghafla, ila kusini kinaungana na ardhi ya juu. Kwa hiyo wajenzi wake, Wahospitali, watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliopewa ngome hiyo mwaka 1142, walirundika nguvu kusini: minara mikubwa, birika la wazi kati ya ukuta wa nje na wa ndani, na chini ya minara mteremko wa mawe wenye unene wa zaidi ya mita 20 kwenye kitako. Mchimbaji wa chini kwa chini anayetaka kuuangusha mnara lazima kwanza apite mita hizo zote. Jiwe linalodondoshwa kutoka juu halitui wima, linagonga mteremko na kuruka mbele kuelekea walipo washambuliaji.

Mwaka 1271 Sultan Baybars wa Misri aliizingira kwa siku 36 na kuingia hadi uwanja wa ndani. Waliobaki minarani walitoka kwa barua ya kuwaruhusu kujisalimisha, ambayo inasemekana ilighushiwa. Hilo nalo limeandikwa kwenye kibandiko.

Onyo moja la kazi: rangi ya kupuliza imeyeyusha kona ya povu ukubwa wa kiganja kwa sekunde chache. Thina, gundi ya viatu na rangi ya mafuta zote zinakula povu. Bandeji iliyochovywa kwenye jasi ifunike kwanza kila mahali, kisha rangi ya maji.

29 Machi. Masika

Mvua imeshika. Jasi iliyokuwa ikikauka siku moja sasa inataka nne. Kitako cha Krak, plaiwudi iliyopakwa rangi upande mmoja tu, kimejikunja pembe mbili kwa mm 9. Upande mkavu ulinyonya unyevu, uliopakwa haukunyonya. Tumekigeuza, tukakikandamiza kwa matofali manne siku tatu, kisha tukapaka varnishi pande zote na kingo. Vitako vingine vimepakwa hivyo hivyo kabla havijaharibika.

6 Aprili. Masada

Mabamba manane ya sm 5 yanatoa sm 40, yaani mita 400 za upande wa mashariki. Juu ni uwanda wa takriban mita 550 kwa 270. Ukuta uliouzunguka, wenye vyumba ndani yake, ulikuwa na urefu wa mita 1,300 hivi na unene wa mita 3.7. Kwa bahati nzuri plaiwudi ya mm 4 inakaribia kabisa, na papi zake zimekatwa jumla ya mita 1.3.

Magharibi mlima unasimama mita 90 hivi tu juu ya ardhi iliyo karibu, na hapo kuna kilima cha asili kinachouegemea. Ndiyo maana Warumi, walioizingira mwaka 73 na 74 B.K. kwa kambi nane na ukuta wa kuizunguka, walipandisha tuta lao upande huo. Kwenye modeli sm 40 na sm 9 zinaonekana kwa jicho moja, na hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Kisha maji. Herode aliyeijenga alichimba mabirika 12 yenye ujazo wa jumla wa mita za ujazo 40,000 hivi. Ni mahali pasipofikisha mm 100 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata 1,100 hivi. Maji yalitoka kwenye mafuriko ya mabonde mawili: yalizuiwa, yakaelekezwa kwa mifereji hadi mabirika ya ubavuni kaskazini-magharibi, kisha yakapandishwa juu kwa wanyama na watu. Kwa 1:1000 ujazo unagawanywa kwa bilioni moja, na mabirika yote 12 yanakuwa mililita 40. Hiyo haijazi kikombe kidogo cha kahawa ya kijiweni. Tumechimba mashimo 12 kwenye povu, kila moja la mililita 3 na ushei, tukayaunganisha kwa mrija wa sindano ya hospitali.

Jaribio la kwanza: mililita 40 ziliingia, baada ya saa moja zimebaki 11. Povu lina njia kati ya punje zake. Jasi peke yake haizuii maji. Wajenzi wa mabirika nao waliyapiga lipu maalumu kwa sababu hiyo hiyo.

13 Aprili. Trei ya Jaisalmer

Ngome ya Jaisalmer ilianzishwa na Rawal Jaisal mwaka 1156 juu ya kilima cha Trikuta. Ina buruji 99 za mawe ya mchanga ya manjano, na hadi leo watu wanaishi ndani. Ilijengwa kwa jangwa, kwa matumizi ya ndoo chache za maji. Baadaye mabomba yalileta maji mengi bila mfereji wa kutosha wa kuyatoa. Yakazama kilimani, udongo wa chini ukalainika, na baadhi ya buruji na kuta zikaanguka.

Trei ina sm 6 za udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ukiwa nusu mkavu, na juu yake buruji tatu za jasi iliyotiwa rangi ya manjano, gramu 400 kila moja. Chupa ya dripu inadondosha tone moja kila sekunde mbili nyuma ya buruji ya kati. Kwa saa tatu hakuna kilichotokea. Saa ya nne ufa mwembamba ulijitokeza kwenye udongo, sambamba na ukingo. Saa ya tano na nusu buruji iliinama nje kwa mm 7, kisha ikaondoka kwa mkupuo, ikiwa nzima, bila kupasuka popote. Jiwe halikuwa na kosa lolote. Zile mbili za pembeni hazikusogea.

Udongo ukishindiliwa ukiwa mbichi sana, buruji inazama badala ya kuteleza, na jaribio halisemi kitu. Uwe mgumu kiasi cha kidole kuingia mm 5 kwa nguvu.

20 Aprili. Kufunga mizigo

Mabirika ya Masada yamepakwa nta iliyoyeyushwa, matabaka mawili, povu likiwa limefunikwa kwanza kwa jasi ili nta ya moto isiliyeyushe. Mililita 40 zimewekwa jana saa kumi na mbili jioni. Leo saa moja asubuhi sindano imetoa 39.

Mnara wa Nizwa unasafiri wima, njiti zake mbili zikiwa zimefungwa ubavuni. Krak imelazwa juu ya godoro. Trei ya Jaisalmer inakwenda bila udongo; udongo unashindiliwa huko huko kwenye maonyesho, siku moja kabla. Kirikuu inakuja saa tatu.